Je, ni tabianchi inayotuzamisha Nairobi, au ni matabaka?

#1 MtuWaViwandani
Wadau, salamu. Nina swali ambalo hunirudia kila mawingu yakijikusanya upande wa Ngong. Mvua ya Aprili 2024 ilishukia jiji zima. Lakini waliolala shuleni na makanisani, waliozika na waliobomolewa walikuwa hasa wapangaji wa vyumba vya mabati kando ya mito, Mathare, Mukuru na kwingineko. Redioni tukaambiwa chanzo ni mabadiliko ya tabianchi, basi, mjadala ukafungwa.

Dai langu ni kwamba tabianchi limekuwa jina safi la kufunikia siasa ya matabaka. Mto ulifurika, sikatai. Lakini aliyenipeleka ukingoni mwa mto ni mshahara wangu. Kibarua wa godauni hawezi kupanga nyumba South B hata akijinyima chakula. Anayenipinga aje na hoja.

#2 NyuziJoto
Nakupinga. Ukisema tabianchi ni kifuniko, unawaondolea lawama waliochoma makaa ya mawe na petroli tangu enzi za babu wa babu zetu. Afrika nzima hutoa takriban asilimia 4 tu ya gesi zinazopasha dunia joto. Halafu tazama ukame wa 2020 hadi 2023: misimu mitano mfululizo mvua ilikosekana, na hapa Kenya mifugo zaidi ya milioni 2.6 ikafa. Wanasayansi wa World Weather Attribution, kundi linalopima mchango wa joto la dunia katika maafa ya hali ya hewa, walisema 2023 kwamba joto hili la binadamu liliufanya ukame ule uwezekane mara 100 zaidi, tena hicho ni kima cha chini. Huo nao utasema umeletwa na landlodi? Matabaka yapo, lakini la kwanza kabisa ni baina ya mataifa.

#3 Karani_Kilimani
Hata sisi Kilimani tulifurikiwa. Maji yaliingia kwenye maegesho ya chini ya ghorofa yetu, magari yakaharibika. Tusiongee kana kwamba upande huu wa jiji una mvua yake.

#4 Dereva_Pipeline
Karani, gari lako lilikuwa na bima?

#5 Karani_Kilimani
Lilikuwa nayo. Na kampuni ilinizungusha sana kabla ya kulipa.

#6 Dereva_Pipeline
Lakini ililipa. Abiria wangu mmoja wa Mukuru kwa Reuben ni fundi nguo. Maji yalibeba cherehani, godoro na madaftari ya watoto. Hana fomu ya kujaza wala ofisi ya kumzungusha. Mvua moja, mkuu, lakini baada ya mvua hatuko pamoja.

#7 Mzee_wa_Kaloleni
Vijana, mnazungumza kana kwamba jiji hili lilijipanga lenyewe. Reli ilifika hapa 1899, mahali penye kinamasi. Wazungu wakajichagulia miinuko ya magharibi na kaskazini, kwenye udongo mwekundu unaokunywa maji. Mwafrika akapelekwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi. Aliyewahi kutembea Embakasi wakati wa masika anaujua udongo huo: ukilowa huvimba, hunata kwenye viatu, na maji hukaa juu kwa siku kadhaa. Mhindi akawekwa katikati. Mpango mkuu wa jiji wa 1948 uliandikwa kwa lugha ya kitaalamu, lakini uliukuta ubaguzi umekwisha kuchorwa ardhini na haukuufuta.

Uhuru ulipokuja, milima ilibadilisha wenyewe, tambarare haikubadilisha. Mwafrika mwenye pesa alihamia alikotoka Mzungu. Asiye nayo alibaki, na wajukuu zake wamezaliwa papo hapo. Kwa hiyo MtuWaViwandani ana haki, ila jambo hili limemtangulia yeye na mshahara wake. Ni la zamani kuliko mimi.

#8 NyuziJoto
Shikamoo mzee. Historia nzuri, lakini udongo mweusi ulikuwapo 1948 na mvua za kiasi hiki zilikuwa nadra. Kilichobadilika ni anga. Hata Mai Mahiu kule Bonde la Ufa, bwawa la Kijabe lilipopasuka, hapakuwa na mpango wa mkoloni.

#9 FundiBomba
NyuziJoto, Mai Mahiu halikuwa bwawa. Hilo lilisemwa asubuhi ya kwanza, tarehe 29 Aprili 2024, kabla watu hawajafika kuangalia. Wizara ya Maji ilieleza baadaye kwamba kalvati chini ya tuta la reli iliziba kwa magogo, mawe na matope, maji yakajikusanya nyuma ya tuta, kisha yakabomoa njia na kushukia kijiji cha Kamuchiri usiku. Watu zaidi ya 50 walikufa. Mvua ilikuwa kubwa, ndiyo, lakini kalvati ya reli iliwekwa na binadamu, na kuizibua ni kazi ya binadamu.

Sasa nirudi Nairobi, maana hii ndiyo kazi yangu. Mimi huitwa kufungua mitaro pande zote za jiji. Miaka ya nyuma ploti moja Kileleshwa ilikuwa na nyumba moja, bustani, nyasi na miti. Mvua ikinyesha, nusu ya maji yaliishia kwenye bustani. Leo ploti hiyohiyo ina ghorofa kumi na zaidi, na kila hatua ya ardhi imewekwa saruji au kabro ili magari yaegeshwe. Maji hayana pa kuzama. Yanakimbilia mtaroni, mtaro unamwaga mtoni, na mto unashuka mashariki kwa kasi ambayo haukuwa nayo. Anayepata faida ya ghorofa yuko juu. Anayepokea maji ya paa lake yuko chini. Hawajawahi kuonana.

Kwangu, tabianchi imeongeza maji kwenye ndoo, lakini anayemimina ndoo ni mwenye kibali cha ujenzi.

#10 MwenyePloti
Niruhusiwe kusema, maana naona landlodi ndiye adui wa kila mtu hapa. Nina vyumba vya kupangisha mtaa mmoja wa Mukuru. Sikuvamia, nilinunua kutoka kwa aliyekuwapo, mbele ya wazee wa mtaa. Kodi yangu ndiyo inayomwezesha kibarua kulala karibu na kazi na kwenda kwa miguu. Nikibomoa leo, atalala wapi? Na tuongee kuhusu taka. Mtaro huzibwa na karatasi za plastiki, nepi na chupa. Hizo hazitoki Ulaya wala Kileleshwa. Tunazitupa sisi.

#11 MtuWaViwandani
Mzee MwenyePloti, karibu, na nashukuru umesema wazi. Lakini wewe unaishi wapi?

#12 MwenyePloti
Ruiru.

#13 Dereva_Pipeline
Hapo basi.

#14 MwenyePloti
Kuishi Ruiru si kosa. Jibuni hoja ya taka.

#15 MamaMakaa
Ya taka nitaijibu mimi. Ninauza makaa Kawangware. Lori la taka huja pale ambapo nyumba zote zinalipa na barabara inapitika. Kwetu vijana wa mkokoteni huzoa wanachoweza, wakalipwa kidogo, na wakifika mwisho wa barabara hakuna jaa rasmi la karibu. Wapeleke wapi? Mto ndio unaopokea bila kudai ada. Nepi ya Lavington na nepi ya Kawangware ni sawa, tofauti ni kwamba moja imebebwa na lori hadi jaa kuu la jiji, Dandora, na nyingine haikubebwa. Tena na Dandora yenyewe haiko Lavington.

#16 WakiliMdogo
Naomba niongeze upande wa sheria, maana umeachwa. Mwanzoni mwa Mei 2024 serikali iliwapa watu wa kando ya mito na mabwawa saa 24 wahame. Tingatinga zikafuata Mathare na Mukuru, nyingine zikija huku mvua bado inanyesha. Marekebisho ya sheria za ardhi ya 2016 yanataka notisi ya miezi mitatu kabla ya kumwondoa mtu, hata yule aliyekalia ardhi bila haki. Kwenye kesi ya Mitu-Bell, iliyotokana na kubomolewa kwa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson mwaka 2011, Mahakama ya Juu ilisema Januari 2021 kwamba watu waliokaa muda mrefu kwenye ardhi ya umma, wakajenga makao na kulea familia, wana haki ya makazi inayoweza kulindwa. Ibara ya 43 ya Katiba inaitaja haki hiyo.

Najua mtasema ilikuwa dharura. Sawa, okoa watu kwanza. Lakini kuokoa watu na kubomoa nyumba zao ni vitendo viwili. Cha kwanza ni cha saa 24. Cha pili kina taratibu zake.

#17 Karani_Kilimani
Wakili, hata matajiri wamebomolewa. Agosti 2018 kituo cha mafuta na mkahawa viliangushwa Kileleshwa, kisha South End Mall, kisha Ukay Centre ya Westlands. Majumba ya mamilioni, yote kwa sababu ya mto. Sheria ilikata pande zote.

#18 WakiliMdogo
Ni kweli, na ilikuwa hatua ya maana. Lakini tazama nini kiliangushwa: maduka na biashara. Hakuna aliyelala nje usiku ule kwa sababu duka la nguo limeanguka. Isitoshe, kanuni za maji zinataja ukingo wa kati ya mita 6 na mita 30 kulingana na upana wa mto. Mwenye hati miliki huleta mpimaji wake na kubishana kuhusu mita. Mpangaji wa Mathare aliambiwa mita 30 kwa kipaza sauti.

#19 Dereva_Pipeline
Na zile Sh10,000 za kila familia alizoahidi Rais Mathare mwezi huo wa Mei? Kwa Nairobi hii, toa amana ya nyumba (deposit), toa kodi ya mwezi wa kwanza, toa godoro. Imekwisha kabla hujanunua sufuria.

#20 BintiWajir
Nimesoma yote kimya, na nimeona kila mtu anaongea kuhusu maji mengi. Mimi nimekuja Eastleigh kwa sababu ya maji yaliyokosekana. Familia yetu ilikuwa na ng'ombe na ngamia. Ng'ombe waliisha kwanza, kisha ngamia, ambao watu husema hawafi na kiu. Baba alibaki, sisi watoto tukatawanyika mijini. Leo napanga Kiambiu, kando ya mto Nairobi, na mwaka 2024 nikafurikiwa. Ukame ulinileta mtoni, mto ukanifukuza. Kwa hiyo mnaponiuliza ni tabianchi au ni matabaka, siwezi kutenganisha. Aliyekuwa na ngamia 200 alipoteza wengi, akabaki na wa kuanzia. Sisi tulikuwa na wachache tukabaki bure.

#21 MtuWaViwandani
Pole sana dada. Hilo la mwisho limenigusa.

#22 NyuziJoto
Pole BintiWajir. Na ndiyo maana nasisitiza fidia itoke kwa waliosababisha. Kwenye mikutano ya tabianchi ya Umoja wa Mataifa, ahadi ya mataifa tajiri ya dola bilioni 100 kwa mwaka ilitolewa Copenhagen 2009. Hazina ya hasara na uharibifu ilikubaliwa Sharm el-Sheikh 2022. Hapa Nairobi, ukumbi wa KICC, Septemba 2023, viongozi wa Afrika walipitisha Azimio la Nairobi na kutaka ushuru wa kaboni wa dunia nzima. Baku 2024 mataifa tajiri yakaahidi dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Tukigombana sisi kwa sisi, hao wanafurahi.

#23 MpigaHesabu
NyuziJoto, fuata pesa hadi mwisho wake. Julai 2023 Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) liliidhinishia Kenya takriban dola milioni 551 za kukabili tabianchi. Huo ni mkopo, ndugu yangu. Sisi tusiochafua tumekopeshwa ili tujikinge na uchafu wa wengine, na tutalipa na riba. Februari 2024 tukauza dhamana (mkopo wa soko la nje) ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili tulipe dhamana iliyokuwa inaiva Juni. Nani analipa? Mswada wa fedha wa 2024 ulitaka kukusanya Sh346 bilioni zaidi. Ndani yake mlikuwa na ushuru uliopewa jina la mazingira, juu ya nepi, simu na tairi, na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 kwenye mkate.

Yaani jina la mazingira limewekwa kwenye nepi ya mtoto wa Kayole. Vijana waliingia barabarani, wengine wakapigwa risasi tarehe 25 Juni, na kesho yake mswada ukaondolewa. Mimi nayaona maandamano yale kuwa sehemu ya mapambano ya tabianchi, ingawa hayaingizwi kwenye hesabu hiyo. Watu walikataa kulipia deni la dunia kwa kikombe cha chai na mkate.

#24 Karani_Kilimani
Lakini plastiki ya nepi ni uchafuzi kweli, MpigaHesabu. Mwenyewe MwenyePloti ametaja nepi mtaroni. Serikali itapata wapi pesa za kuzoa? Mimi hukatwa kila kitu kwenye mshahara, na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba juu yake. Siyo kwamba tunaolipwa mshahara tunaogelea kwenye pesa.

#25 MpigaHesabu
Hoja halali. Tofauti yetu ni nani atozwe kwanza: anayenunua nepi moja moja kibandani, au anayeingiza kontena.

#26 MamaMakaa
Mnasema ushuru wa mazingira ni wa 2024? Sisi tulitozwa mapema. Mwaka 2018 serikali iliongeza Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, eti wafanyabiashara wasiyachanganye na dizeli. Nia ilikuwa nzuri, wachanganyaji walikuwapo. Ila mama anayepikia jiko la stovu hakuchanganya chochote. Mwaka huohuo ukataji wa miti ukapigwa marufuku kwenye misitu ya serikali, na makaa yakapanda. Nilikuwa hapa kibandani, nikawaona wateja wa mafuta wakija kwangu na wateja wangu wakienda kutafuta vipande vya mbao kwenye mijengo. Sasa wameambiwa watumie gesi. Gesi nzuri, mimi mwenyewe natamani. Lakini mtungi unajazwa kwa maelfu kwa mkupuo, na mtu anapata pesa ya siku kwa siku.

#27 Dereva_Pipeline
Mama, na maharagwe je? Nani atapika githeri kwa gesi hadi iive?

#28 MamaMakaa
Loweka usiku kucha, mwanangu. Wanaume wa jiji hamjui kuloweka.

#29 FundiBomba
Tumepotea njia lakini Mama amesema kweli, ukiloweka unaokoa nusu ya makaa.

#30 MtuWaViwandani
Turudi. Kuna jambo la stima pia. Kila kongamano Kenya husifiwa kwamba takriban asilimia 90 ya stima yetu ni safi, na mitambo ya mvuke wa ardhini ya Olkaria ndiyo uti wa mgongo. Nakubali, ni fahari. Sasa njooni mtaani kwetu Viwandani. Mitambo ya viwanda inanguruma ng'ambo ya ukuta kwa stima hiyo safi, na sisi tunanunua ya waya wa dalali kwa bei ya balbu kwa mwezi, na waya huo ukishika moto unateketeza safu nzima. Maji vivyo hivyo: mtungi wa lita 20 kwa mchuuzi, ukihesabu kwa mita ujazo, ni ghali kuliko bomba la Karen. Mukuru ilipotangazwa eneo maalumu la mipango Agosti 2017, na kaya zaidi ya 100,000, hesabu hizi zilifanywa na wakazi wenyewe nyumba kwa nyumba. Maskini hulipa zaidi kwa kitu kilekile. Hiyo ndiyo siasa ya matabaka ninayoisema.

#31 NyuziJoto
Sijakataa hata neno moja la hilo. Ninachokataa ni kusema joto halihusiki.

#32 FundiBomba
Basi usome walichosema haohao wanasayansi uliowataja juu, Mei 2024, kuhusu mafuriko yetu. Walikadiria joto liliongeza nguvu ya mvua kwa kiasi cha asilimia 5, na wakasema wazi kwamba ukuaji wa miji usio na mpango na umaskini ndio uliozidisha maafa. Asilimia 5.

#33 NyuziJoto
Asilimia 5 leo. Dunia ikizidi kupata joto haitabaki 5. Na mto ukijaa hadi ukingoni, hiyo 5 ya mwisho ndiyo inayoingia nyumbani.

#34 Mzee_wa_Kaloleni
Mnabishana vizuri. Naomba niwakumbushe Profesa Wangari Maathai. Mwaka 1989 walitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wabunge walimtukana. Yeye alisema kwamba pale ndipo mtu asiye na bustani yake hupumzika Jumapili na watoto. Jumba halikujengwa. Miaka kadhaa baadaye ikawa msitu wa Karura hapa jijini, ardhi yake imegawiwa wakubwa, akaenda kupanda miche, Januari 1999 akapigwa hadi damu. Yeye hakuuliza kama ni suala la miti au la wanyakuzi. Alimfuata aliyeshika hati.

#35 MwenyePloti
Mzee, nakubali juu ya Karura. Lakini leo mkinifuata mimi mwenye vyumba vya mabati mtamwacha aliyegawa ukingo wa mto kwa barua ya ofisi. Mimi ni wa chini kwenye ngazi hiyo.

#36 MtuWaViwandani
Wa chini kwako, kwangu uko juu. Lakini sikatai kwamba kuna walio juu yako. Ungeleta barua hizo ungetusaidia kuliko kulaumu nepi.

#37 WakiliMdogo
Kwa wanaotaka la kufanya: makadirio ya bajeti ya kaunti hufika bungeni kwa kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na lazima umma usikilizwe. Mara nyingi vikao hivi hutangazwa dakika ya mwisho, watu wako kazini. Dai la mitaro na jaa la taka liandikwe, litajwe eneo kwa eneo, lipokewe na kugongwa muhuri. FundiBomba, unaweza kuchora ni wapi mitaro inaziba?

#38 FundiBomba
Naweza kuanzia South B hadi Viwandani. Kwingine nahitaji watu wa mtaa.

#39 Karani_Kilimani
Niandikieni mimi nipige chapa. Na kwenye ghorofa yetu nitauliza mkutano wa wakazi kwa nini hatuna tangi la maji ya paa. Sijui watanisikiliza.

#40 NyuziJoto
Bajeti ya kaunti haitoshi hata mtaro mmoja mkubwa. Bila pesa za nje mtachora ramani nzuri tu.

#41 MpigaHesabu
Na pesa za nje zikija kama mkopo, mtaro huo utalipwa na MamaMakaa. Bado hatujaelewana, NyuziJoto.

#42 BintiWajir
Kiambiu nitaiandika mimi. Najua kila mahali maji yanapoingilia.

#43 MwenyePloti
Kikao kikitangazwa mniambie. Nitakuja, na nitautetea upande wangu.

#44 MamaMakaa
Njoo na barua.